Bi Asmaa (R.A.): Mama wa Hijra Mbili

Vijana wenzangu, tukitaja Hijra mawazo hukimbilia Madina. Lakini yapata mwaka 616, Bi Asmaa binti Umays (R.A.) na mumewe Jaafar bin Abi Talib (R.A.) walikimbia mateso ya Makka, wakavuka bahari hadi Habasha, huku kwetu Afrika, kwa mfalme mwadilifu Najashi.

Ugenini si mchezo: lugha ngeni, jamaa wako mbali. Bi Asmaa hakukalia mizigo akingojea kurudi. Aliweka nyumba, akazaa huko wana watatu: Abdullah, Muhammad na Aun.

Walifika Madina mwaka wa 7 Hijria (628). Sayyidna Umar (R.A.) akamwambia kuwa wao wamewatangulia kwa Hijra. Bi Asmaa alikasirika, akamwendea Mtume (S.A.W.), naye akahukumu kuwa watu wa jahazi wana Hijra mbili.

Tena alirudi na ujuzi. Imepokewa kuwa Bi Fatma (R.A.), kabla ya kufariki mwaka 632, aliona haya umbo lake lisije likaonekana akibebwa. Bi Asmaa akamwonyesha jeneza la kufunikwa alilolijua Habasha.

Basi wewe uliyehamia mbali kwa kazi au masomo, usidhani miaka hiyo imepotea. Weka nyumba, jifunze mema ya wenyeji. Wallahu aalam.