ROBERT WANGILA, BONDIA WA DHAHABU

Simama pale steji ya Voi umwombe kijana yeyote akutajie Wakenya walioleta dhahabu ya Olimpiki. Atakumwagia majina ya wanariadha mpaka uchoke: Kipchoge Keino, John Ngugi, Rudisha, Faith Kipyegon. Wala hatakuwa amekosea. Dhahabu zote za nchi hii zimeletwa na miguu, isipokuwa moja tu. Hiyo moja ililetwa na mikono, na mwenye mikono hiyo alikuwa Robert Wangila Napunyi.

Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Alipoanza kuvaa glavu, ndondi za Kenya zilikuwa na jina kubwa kuliko tunavyoweza kuamini leo. Philip Waruinge alikuwa amerudi na shaba kutoka Mexico mwaka 1968, na juu yake akapewa kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia aliyeonyesha ufundi kuwapita wenzake wote. (Eti mtu wa shaba ndiye fundi kuliko wenye dhahabu! Lakini ndivyo ilivyokuwa.) Mwaka 1972 kule Munich akapata fedha. Ibrahim Bilali naye akaleta shaba ya Los Angeles mwaka 1984. Kwa hiyo timu yetu, iliyojulikana kwa jina la Hit Squad, ilikuwa imeonja kila kitu ila dhahabu.

Wangila alipigana katika uzani wa welta, ambao kwa mabondia wa ridhaa ulikuwa mwisho kilo 67. Huo si uzito wa mtu wa kutisha. Gunia la mahindi ni kilo 90, basi punguza robo ya gunia, mtu mwenyewe ndiye huyo. Lakini ngumi zake zilikuwa nzito kuliko mwili wake. Michezo ya Afrika ilipofanyika Nairobi mwaka 1987, alitwaa dhahabu mbele ya watu wa kwao, na mwaka uliofuata akapanda ndege kwenda Seoul, Korea Kusini.

Hapa yafaa tutue kidogo, maana Olimpiki ile ya 1988 haisahauliki kwa watu wa ndondi, na si kwa mambo mazuri tu. Majaji walilaumiwa sana. Mmarekani Roy Jones alimtwanga mwenyeji, Park Si-Hun, dunia nzima ikiona, kisha ushindi akapewa Mkorea. Katika mashindano ya namna hiyo bondia anayetegemea pointi hana usalama. Wangila alipita nusu fainali bila jasho kwa sababu Jan Dydak wa Poland hakuweza kupanda ulingoni. Katika fainali akakutana na Laurent Boudouani wa Ufaransa, kijana mrefu na fundi. Raundi ya kwanza ikaisha. Katika raundi ya pili Wangila akamwangusha kwa nokauti, kazi ikaisha, majaji wasipate la kuamua.

Alikuwa na umri wa miaka 21. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya ndondi katika Olimpiki, kwa sababu waliomtangulia kutoka bara hili walikuwa Wazungu wa Afrika Kusini. Kenya ilirudi na dhahabu tano mwaka huo: Paul Ereng, Peter Rono, Julius Kariuki, John Ngugi, na huyu wa tano ambaye hakukimbia hata mita moja. Mwenzake Chris Sande alipata shaba katika uzani wa kati. Tangu siku hizo mpaka Olimpiki ya Paris ya 2024, hakuna bondia wa Kenya aliyerudi na nishani ya rangi yoyote.

Sasa swali ni hili: mtu akishapata dhahabu, atakula nini? Mwaka 1989 Wangila akaingia ndondi za kulipwa huko Marekani. Wengine walimlaumu kwamba ameacha bendera akafuata dola. Mimi simlaumu. Nishani haiwezi kulipa kodi ya nyumba, na bondia hana miaka mingi ya kutafuta.

Ila kazi yenyewe ilikuwa nyingine kabisa. Ndondi za ridhaa za wakati ule zilikuwa raundi tatu za dakika tatu, na bondia alivaa kofia ya kukinga kichwa. Kwa wanaolipwa hakuna kofia, na raundi zaweza kufika 10 au 12. Zamani zilifika 15, mpaka Mkorea Kim Duk-koo alipokufa mwaka 1982 baada ya pambano la Las Vegas, ndipo zikaanza kupunguzwa. Wangila alipanda ulingo huo mara 27, akashinda 22 na kushindwa 5. Si rekodi ya aibu hata kidogo, lakini mkanda wa ubingwa wa dunia hakuupata.

Ijumaa tarehe 22 Julai 1994, akiwa Las Vegas, alipambana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa refa Joe Cortez akaona makonde yamezidi, akaingia kati na kusimamisha pambano. Wangila alikasirika. Alikuwa bado yu wima, akalalamika kwamba angeweza kuendelea. Akashuka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe, na muda si mrefu, akiwa chumba cha kubadilishia nguo, akapoteza fahamu. Madaktari walimpasua kichwa ili kuondoa damu iliyoganda. Jumapili tarehe 24 akaaga dunia, miaka 26 tu.

Mwenzangu mmoja wa darasa la sayansi aliniuliza inawezekanaje mtu abishane na refa kisha afe kwa pigo lile lile. Inawezekana. Kichwa kikipigwa sana ubongo hutikisika ndani ya fuvu, na vishipa vidogo vilivyo baina yao hukatika. Damu huvuja polepole. Fuvu halipanuki, kwa hiyo damu inavyoongezeka ndivyo ubongo unavyobanwa. Mwenyewe anaweza kusema na kutembea kwa dakika kadhaa, akijiona mzima, kumbe ndani mambo yameharibika. Kwa hiyo Wangila hakudanganya aliposema ana nguvu. Na refa naye hakukosea, pengine alichelewa kwa jambo ambalo hakuna macho yangeliona.

Hata maiti yake haikupumzika upesi. Kukazuka ubishi kama azikwe Kiislamu au kwa desturi ya ukoo wake, na shauri likafika mahakamani, kama lile la wakili S. M. Otieno la mwaka 1987. Sisi huku Taita, ambako wazee wa zamani walihifadhi mafuvu ya wahenga wao mapangoni, hatuwezi kushangaa watu wakigombea mahali pa mfu wao.

Na yule Mfaransa aliyeangushwa Seoul? Boudouani naye aliingia ndondi za kulipwa. Mwaka 1996, miaka miwili baada ya kifo cha Wangila, alitwaa ubingwa wa dunia wa WBA katika uzani ulio juu kidogo ya welta, na akaushika mpaka 1999.