HUKUMU YA BIBI TITI

Mjini Tunduma, mwanamke aliyepata faida katika biashara ya mchele au mahindi, kisha akajenga vyumba vya kupangisha, husifiwa na jirani zake kuwa mtu wa bidii. Hapana amwitaye mnyonyaji. Lakini palikuwa na wakati ambapo nyumba za kupangisha zilimtenga na uongozi mwanamke aliyekuwa mbele kuliko wote katika siasa ya nchi yetu, naye ni Bibi Titi Mohamed.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akasoma miaka michache tu. Alijulikana kwanza kwa sauti yake katika ngoma ya Bomba, kisha akaipeleka sauti hiyo TANU, kadi yake ikiwa namba 16. Wazo lake lilikuwa jepesi kulisema na zito kulitenda siku zile: kwamba nusu ya watu haiwezi kuikomboa nchi nzima. Wala hakuwangoja wenye elimu. Aliwaendea wacheza ngoma na wapika pombe, kwa kuwa hao walikuwa na vyama vyao na senti zao wenyewe. Kabla mwaka 1955 haujakwisha, wanawake wapatao 5,000 walikwisha kujiunga, na waume wengi hawakupendezwa.

UWT ilipoundwa mwaka 1962, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza. Mwaka 1965 alishindwa katika uchaguzi wa Bunge huko Rufiji. Likaja Azimio la Arusha, 1967, likawakataza viongozi kupangisha nyumba. Bibi Titi alikuwa nazo. Akaona heri aache uongozi. Oktoba 1969 alikamatwa, na mwaka 1971 mahakama ikamhukumu kifungo cha maisha kwa uhaini. Rais alimwachilia mwaka 1972. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000.

Twaona kwamba watu huyachanganya mambo mawili. Uhaini ulikuwa shauri la mahakama, kosa ambalo yeye alilikana, nasi hatuna ushahidi mpya wa kuongeza. Nyumba ni shauri jingine kabisa. Azimio halikukosea kumwogopa kiongozi mwenye kodi za kukusanya, maana huyo atamsahau mpangaji. Hata hivyo sheria ile haikuwauma wote sawasawa. Mwanamume mwenye shahada alikuwa na mshahara wa kutegemea. Mwanamke asiye na cheti, je? Kwake nyumba ndiyo pensheni. Tena mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ilipokutana Zanzibar, ililegeza sharti lile lile, na lililokuwa kosa likawa ruhusa.

Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake, na akina mama wa Songwe waendao Kariakoo huipita. Katika mikutano ya UWT, iwe Mbozi, Momba au Ileje, twaomba habari ya nyumba zile ijadiliwe waziwazi pamoja na habari ya kadi za 1955.