Kijana wa kutumwa aliyepanda hadi admirali, kisha akapotea njia

Ukifungua ramani kwenye simu, kuna kale kaduara ka buluu kanakokuonyesha uko wapi. Tumekazoea. Sasa hebu nikupe stori ya jamaa ambaye hakuwa nako.

Anaitwa Cloudesley Shovell. Alizaliwa mwaka 1650 huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Akiwa na miaka kama 13 hivi aliingia melini, akaanzia chini kabisa: leta hiki, peleka kile. Lakini dogo alikuwa mwepesi wa kushika kazi, akapanda ngazi moja moja.

Jina lake lilivuma mwaka 1676. Akiwa luteni tu, aliongoza mashua usiku hadi ndani ya bandari ya Tripoli, wakachoma meli nne za adui. Toka hapo hakushikika. Alipigana na Wafaransa kule Barfleur mwaka 1692, akawa mbunge wa Rochester, na mwaka 1704 alikuwa kwenye vita vya Gibraltar na Malaga. Yule wa kutumwa sasa ndiye anayetuma.

Kisha ikaja Oktoba 1707. Alikuwa anarudi nyumbani na kikosi chake kutoka Mediterania, hali ya hewa mbaya siku nenda siku rudi. Mabaharia wa enzi hizo walipima latitudo kwa kutazama jua, lakini longitudo? Hiyo ilikuwa ya kukadiria tu. Wakadhani wameingia salama kwenye mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Kumbe wanaelekea visiwa vya Scilly.

Usiku wa tarehe 22 wakagonga miamba. Meli nne zikazama. Zaidi ya watu 1,400 wakafa, akiwemo Shovell mwenyewe pamoja na vijana wawili wa mkewe aliokuwa amewalea.

Mwaka 1714 bunge la Uingereza likatangaza zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayetatua suala la longitudo. Na unajua nani alitengeneza saa iliyolitatua? John Harrison, seremala ambaye hakukanyaga chuo kikuu. Mimi niliyeacha chuo katikati, hapo nilitabasamu.

Lakini nilipofika kwa wale 1,400, tabasamu likaisha. Shovell alikuwa na miaka zaidi ya 40 baharini, na bado hakujua alipo. Kwa hivyo wewe unayejiona umefika, uliza njia mapema. Nyuma yako kuna watu.