Denis Papin na Vali ya Usalama

Denis Papin alizaliwa mwaka 1647, karibu na mji wa Blois, katika Ufaransa. Alisomea udaktari, lakini moyo wake ulipenda zaidi kazi za ufundi. Mwaka 1675 alihamia London, katika Uingereza.

Kila mtu amepata kuona chungu kinachochemka: mvuke huinua kifuniko, ukatoka. Papin alitaka kuuzuia mvuke huo ndani, kwa maana maji yaliyofungwa hivyo hupata moto kuliko maji ya chungu kilicho wazi, na chakula huiva upesi. Mwaka 1679 aliwaonyesha wataalamu wa London chungu kizito chenye kifuniko kilichokazwa sana. Hata mifupa ililainika ndani yake.

Lakini hatari ilikuwapo. Mvuke uliofungwa usipopata njia hupasua chuma, na vipande vyake huua watu. Ndipo Papin alipopata shauri jema. Alitoboa tundu katika kifuniko, akaliziba kwa kizibo. Juu ya kizibo akalaza fimbo ya chuma, na kwenye fimbo akatundika kitu kizito. Nguvu ya mvuke ilipozidi, iliinua kizibo, mvuke ukatoka kidogo. Ilipopungua, kizibo kilirudi chini. Hiyo ndiyo vali ya usalama.

Mwaka 1690, huko Ujerumani, Papin aliandika jinsi mvuke unavyoweza kuendesha mashini. Hata hivyo hakupata mali. Alirudi London, akafa maskini yapata mwaka 1713.

Baada yake mafundi wengine walitengeneza gari la moshi. Njiani gari lilitikisika, na uzito wa vali ukarukaruka, mvuke ukapotea bure. Kwa hiyo mafundi waliuondoa uzito, wakaweka springi. Springi hukandamiza kizibo daima, hata gari likitikisika. Nguvu ya mvuke ikiishinda, springi hujikunja na kizibo hufunguka.

Mwaka 1831, huko Marekani, mchochea moto wa gari moja la moshi alichoshwa na kelele ya vali, akaizuia isifunguke. Boila ikapasuka, naye akafa. Mwaka huohuo wa 1831 reli ipitayo Kolwezi iliungana na reli ya Lobito, bandari ya Angola? La, hiyo ilikuwa miaka 100 baadaye, mwaka 1931. Mashini za mvuke zilizopita huko Katanga zilikuwa na vali za usalama, na watu walisafiri bila hofu.

Vali hii ina ndugu yake, nayo hutumika katika bomba za kutoa maji migodini. Ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu. Pampu ikisukuma maji juu, mlango hufunguka. Pampu ikisimama, maji hutaka kurudi, nayo yenyewe huufunga. Moyo wa mtu pia una milango 4 ya namna hii, ili damu isirudi nyuma.

Hata leo matangi ya hewa iliyoshindiliwa, yatumiwayo na mafundi, huwa na vali ya springi. Fundi mwenye akili haizibi wala haifungi kwa waya. Anajua kwamba sauti yake ni onyo, nayo inalinda uhai wake na wa wenzake.

Maswali
1. Kwa nini chungu cha Papin kilihitaji vali?
2. Kwa nini mafundi waliweka springi mahali pa uzito?
3. Mchochea moto alikosa nini?