Isaac Newton, yatima aliyeifumbua siri ya mwendo

Abiria wa matatu inayotoka katikati ya jiji la Nairobi kwenda Kangemi husoma fizikia kila siku bila ya kulipa karo. Gari likipita Museum Hill na kuanza kuupanda mlima wa Westlands, mgongo wake hukandamizwa kitini. Dereva akikanyaga breki ghafula kwa kumwona mtu anavuka njia, kifua chake hutaka kwenda mbele. Gari likikata kona kwa kasi, yeye humlalia jirani yake, kisha akamtaka radhi. Mambo hayo yote yana kanuni zake, na aliyezipanga kanuni hizo ni bwana mmoja aliyefariki karibu miaka mia tatu iliyopita. Jina lake Isaac Newton. Leo nimependa kuwasimulia wasomaji maisha yake, kwani watoto wetu hulisikia jina hilo skuli, wakalihifadhi kwa ajili ya mtihani, kisha likawapotea.

Mimi ni mtu wa pwani, niliyeanzia chuoni kwa alifu na be, na kazi yangu ni tungo na habari. Lakini mwalimu wetu wa chuo alikuwa akituasa kwamba kuhifadhi bila ya kufahamu ni kuteka maji kwa pakacha. Wasia huo haukuhusu msahafu peke yake. Unahusu pia hizi kanuni tatu za mwendo, ambazo mtoto wa Kawangware na mtoto wa Kibokoni huzikariri sawasawa.

Newton alizaliwa katika kijiji cha Woolsthorpe, Uingereza, tarehe 25 Disemba 1642 kwa hesabu ya kalenda waliyokuwa wakiitumia Waingereza siku hizo. Alizaliwa yatima, kwani baba yake alifariki miezi mitatu kabla. Baba huyo alikuwa mkulima mwenye shamba na kondoo, lakini hakujua hata kuandika jina lake. Mtoto mwenyewe alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo mno, na waliokuwapo hawakumtarajia kuishi. Alipofikisha miaka mitatu mama yake aliolewa na mume mwingine, akahamia kwa mume, naye Isaac akaachwa kwa bibi yake. Jambo hilo lilimchoma moyo. Hata ukubwani alikumbuka jinsi alivyomchukia yule baba wa kambo.

Mume wa pili alipofariki mwaka 1653, mama alirudi. Mtoto akapelekwa skuli katika mji wa Grantham, akapangishwa nyumbani kwa muuza dawa, na huko akawa akichonga vinu vidogo vya upepo na saa za jua. Lakini alipokaribia miaka kumi na saba, mama yake alimtoa skuli ili aje asimamie shamba. Kijana akawa mchungaji mbaya kupita kiasi. Kondoo waliingia mashamba ya watu, naye amekaa chini ya ua anasoma kitabu. Ndipo mjomba wake, pamoja na mwalimu mkuu wa skuli ile, walipomwendea mama na kumsihi amrudishe kijana masomoni. Mama akakubali.

Mwaka 1661 aliingia Chuo cha Trinity, Cambridge. Hakuingia kwa heshima ya tajiri. Aliandikwa miongoni mwa wanafunzi waliolipia masomo yao kwa kuwatumikia wenzao na wakubwa. Mwaka 1665 tauni ilizuka, chuo kikafungwa, naye akarudi kijijini. Muda mwingi wa miaka miwili iliyofuata aliukalia kijijini, peke yake na daftari zake. Katika kipindi hicho aliweka misingi ya hesabu mpya, akachunguza rangi za nuru, na akaanza kujiuliza juu ya mwezi. Kisa cha tufaha lililoanguka bustanini alikisimulia mwenyewe uzeeni. Hakusema kwamba lilimpiga kichwani, hayo ni maneno ya watu. Alichojiuliza ni hiki: ikiwa nguvu inayolivuta tufaha inafika juu ya mti, na juu ya mlima, kwa nini isifike hata mwezini?

Aliporudi Cambridge nyota yake ilipanda. Mwaka 1669, akiwa na miaka ishirini na sita, alifanywa profesa wa hesabu. Hata hivyo alikuwa mtu wa kuficha kazi zake. Mwaka 1684 alijiwa na mwanafalaki Edmond Halley, aliyetaka kujua njia ya sayari inayovutwa na jua kwa nguvu inayopungua kadiri ya umbali. Newton akamjibu papo hapo kwamba njia hiyo ni duara lililorefuka kama yai, na kwamba amekwisha kuipiga hesabu yake, ila karatasi haionekani. Halley akamshikilia aiandike upya. Kutokana na kushikiliwa huko kilitoka, mwaka 1687, kitabu cha Kilatini kinachojulikana kwa jina la Principia. Jumuiya ya wanavyuoni wa London ilikuwa imemaliza fedha zake kwa kuchapisha kitabu cha samaki, kwa hivyo Halley alikilipia kitabu cha Newton kutoka mfukoni mwake.

Sasa tuzitazame kanuni zenyewe, na tuzitazamie hapa hapa Nairobi.

Nenda soko la Wakulima, ambalo wengi huliita Marikiti, umtazame mchukuzi wa mkokoteni. Akisukuma, mkokoteni unakwenda. Akiacha, unasimama. Kwa jambo hilo, mwanafalsafa wa Kiyunani Aristu aliona kwamba kitu hakiendi ila kiwe na kinachokisukuma wakati wote, na watu wakamfuata kwa karne nyingi. Ibn Sina, aliyeishi baina ya mwaka 980 na 1037, alilitia jambo hili shaka. Aliandika kwamba kitu kilichorushwa hupata mwelekeo kutoka kwa mrushaji, na lau hapana cha kukizuia, kisingesimama. Galileo wa Italia naye akalisukuma jambo hilo mbele. Newton akalifanya kanuni ya kwanza: kitu kilichotulia kitatulia, na kinachokwenda kitaendelea kwenda kwa kasi ile ile katika mstari ulionyoka, mpaka nguvu ya nje ikibadilishe. Mkokoteni unasimama kwa sababu barabara na ekseli zinausugua. Na yule abiria wa matatu hakurushwa mbele na mtu. Gari ndilo lililosimama, mwili wake ukaendelea na safari.

Kanuni ya pili inahusu kiasi. Mkokoteni mtupu huukimbiza kwa mkono mmoja. Ujaze magunia ya viazi, na msukumo ule ule utauondoa polepole. Kwa hivyo nguvu inayotakiwa hupatikana kwa kuzidisha uzito wa kitu kwa kadiri ya kubadilika kwa kasi yake katika kila nukta ya muda. Hesabu hii inaonekana kavu, lakini ndani yake mna uhai wa watu. Mchukue mtu wa kilo 60 ndani ya gari liendalo kilomita 80 kwa saa. Dereva akisimama kwa kutumia sekunde 4, nguvu ya kumzuia mtu huyo ni sawa na kubeba mzigo wa kilo 34 hivi. Gari likigonga na mtu huyo akasimamishwa katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, nguvu hiyo inapita uzito wa kilo 1,300. Hapana mkono wa binadamu unaoweza kujizuia kwa kushika kiti cha mbele. Na tena, kasi ikiongezeka mara mbili, kwa breki zile zile, masafa ya kusimama huongezeka mara nne. Gari linalosimama kwa mita 11 likiwa na mwendo wa 40, litataka mita 44 likiwa na mwendo wa 80.

Mwaka 2004, chini ya Waziri wa Uchukuzi John Michuki, matatu za Kenya zililazimishwa kufunga vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa, na mikanda katika viti. Wengi walinung'unika wakaona ni ukali wa serikali. Lakini ukali ule ulikuwa umeandikwa tangu mwaka 1687. Serikali huweza kusamehe faini, na askari huweza kugeuza uso. Kanuni ya pili haimjui mtu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na hesabu ya Newton imewashuhudilia.

Kanuni ya tatu watu wa pwani waliijua kwa vitendo kabla ya kuijua kwa jina. Nahodha akikita pondo chini ya maji na kusukuma nyuma, dau huenda mbele. Ukiruka kutoka mtumbwini kwenda gatini, mtumbwi hurudi nyuma, na asiyejihadhari huishia majini. Kila nguvu ina nguvu mwenzake, sawa nayo kwa ukubwa na kinyume chake kwa upande. Kwa kanuni hiyo hiyo roketi hutupa moshi chini na yenyewe ikapanda juu. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya sikukuu yetu, roketi iliondoka katika jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikibeba chombo cha Wamarekani cha kuchunguza nyota, nacho kikapewa jina la Uhuru. Na mwezi wa Mei 2018, chombo kidogo kilichoshughulikiwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, kisichozidi sentimita 10 kila upande, kiliachiliwa angani kutoka kituo cha kimataifa. Kilizunguka dunia bila ya injini ya kukisukuma. Mwendo wake ulikuwa ukikipeleka mbele na dunia ikikivuta chini, na mapatano ya mawili hayo ndiyo mzunguko. Mwezi nao ndivyo uendavyo.

Katika kitabu kile kile mna jambo jingine litakalomfurahisha mvuvi. Newton alieleza kwamba maji ya bahari hujaa na kutoka kwa kuvutwa na mwezi na jua. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, viwili hivyo huvuta katika mstari mmoja, ndipo tukapata bamvua. Mwezi ukiwa nusu huvuta kila kimoja upande wake, ndipo maji mafu. Wazee wetu walikuwa na hesabu ya siku hizo vichwani mwao. Yeye alileta sababu.

Nisimsifu kupita mpaka. Alikuwa mtu wa kinyongo. Aligombana na Robert Hooke juu ya nuru na juu ya mvutano, na kitabu chake cha nuru hakukitoa ila mwaka 1704, baada ya Hooke kufariki. Aligombana na Mjerumani Leibniz juu ya nani aliyeivumbua kwanza ile hesabu mpya, na taarifa ya wasuluhishi iliyompa ushindi aliiandika yeye mwenyewe kwa siri. Mwaka 1693 akili yake iliyumba kwa muda. Mwaka 1696 alihamia London kusimamia karakhana ya sarafu za serikali, akawaandama wenye kughushi fedha bila ya huruma. Malkia Anne alimpa cheo cha Sir mwaka 1705.

Jambo moja alilificha kufa kwake. Aliisoma dini kwa bidii kama alivyosoma nyota, akafikia kuikataa itikadi ya Utatu na kushikilia kwamba Mungu ni mmoja. Sisemi kwamba alikuwa Mwislamu, hakuwa. Lakini kuyatamka hayo kungemtoa kazini, kwa hivyo aliyaweka katika karatasi. Nyingi ya karatasi hizo zilipigwa mnada London mwaka 1936, na ndipo wengi walipoyajua.

Alifariki Machi 1727, hakuoa wala hakuacha mtoto, akazikwa Westminster Abbey kwa heshima kubwa.

Ninapoyapima maisha haya, sisimami kwenye tufaha. Husimama kwa yule mjomba na yule mwalimu mkuu. Lau wangenyamaza, kijana angebaki na kondoo, na haijulikani dunia ingengoja mpaka lini. Kangemi na Kawangware, kama Majengo na Lamu, wako watoto wanaolelewa na bibi zao, wengine wametolewa skuli kwa ajili ya kibarua au kwa kukosa karo. Mtoto wa namna hiyo akionekana mvivu wa kazi na mpenzi wa kitabu, asipigwe kwanza. Aendewe mama yake, kwa adabu, akasihiwe. Kitu kilichotulia hakiondoki ila kwa nguvu ya nje, na yatima hana wa kumsukuma ila sisi.