Marehemu Paul Bomani: Mwana wa Usukuma, Mjenzi wa Taifa

Katika vitabu vya kumbukumbu kama hiki tumezoea kuwataja watakatifu na wafadhili wa mandir. Mimi naomba ruhusa nimtaje mtu asiyekuwa wa dini yetu, ambaye baba zetu walimwogopa kabla ya kumheshimu.

Paul Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925, mtoto wa mhubiri wa Kisabato. Kuanzia mwaka 1945 alikuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, hapa kwetu Shinyanga. Baada ya miaka miwili akahamia Mwanza, akawa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika.

Siku zile pamba ya Usukuma ilinunuliwa na kuchambuliwa na Wahindi, wengi wao Wagujarati. Wakulima walilalamika kwamba walipunjwa kwenye mizani. Nasi tukiwa wakweli, si kila mizani ya wazee wetu ilikuwa ya haki. Jibu la Bomani lilikuwa kuwaunganisha wakulima wapime wenyewe, wauze wenyewe, na hatimaye wachambue wenyewe. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana kuwa Victoria Federation, naye akawa meneja mkuu. Haukupita muda mrefu, ukawa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa barani Afrika. Familia nyingi za kwetu zilipoteza riziki yao ya pamba.

Aliongoza pia Sukuma Union. Kwa kuwa serikali ya kikoloni iliizuia TANU Usukumani tangu 1954 hadi 1958, sauti ya wananchi ilipitia katika ushirika na umoja huo. Mwaka 1958 watu wa Geita walilikataa baraza la mseto wa rangi, ambamo Wazungu na Wahindi wachache walipewa viti katikati ya Wasukuma wengi. Waliandamana hadi Mwanza, wakatawanywa na polisi, lakini baraza lile halikudumu.

Wapo waliodhani Usukuma ungejitenga. Ikawa kinyume. Waliojifunza kukutana na kutunza hesabu kama Wasukuma ndio walioijaza TANU. Hata kule Bengal, jimbo lilipogawanywa mwaka 1905, upendo wa Wabengali kwa jimbo lao uliwasha moto wa uhuru wa India nzima.

Baada ya uhuru Bomani alikuwa Waziri wa Fedha, na kuanzia 1972 balozi nchini Marekani. Alifariki mwaka 2005. Alikuwa Msukuma, na kwa Usukuma wake alilijenga taifa.

Nasi tunawafundisha watoto Kigujarati hapa mandirini. Lugha hiyo isiwe ukuta wa kujifichia. Iwe mlango wa kutokea kwenda kuwatumikia majirani zetu, na mizani yetu ikiwa ya haki.

Om Shanti.