Bustani haimstaafishi mtawala

Ipo dhana iliyozoeleka kwamba mtawala akijengewa makao ya fahari ya uzeeni na kurundikiwa heshima, ataondoka madarakani kwa moyo mkunjufu. Mimi siikubali dhana hiyo. Ushahidi wangu ni maisha ya Cixi, Malkia Mjane wa Uchina, na bustani ya Yiheyuan iliyoko kaskazini-magharibi mwa Beijing.

Cixi alizaliwa mwaka 1835 katika familia ya maofisa wa Kimanchu. Aliingia kasri akiwa suria wa cheo cha chini wa mfalme Xianfeng, na mwaka 1856 akamzalia mwana. Mfalme alipofariki mwaka 1861, mtoto huyo alirithi kiti akiwa na umri wa miaka mitano. Cixi akashirikiana na Mwanamfalme Gong kuwapindua wasimamizi walioachiwa dola, akaanza kutawala kutoka nyuma ya pazia. Mwanawe naye alipofariki mwaka 1875, alimtawaza mtoto wa dadake, Guangxu, aliyekuwa na miaka mitatu tu. Pazia likabaki pale pale.

Miaka ikapita, Guangxu akakaribia utu uzima. Swali likawa: mama huyu atakwenda wapi? Jibu lilikuwa bustani. Mfalme Qianlong alikuwa ameianzisha mwaka 1750 ili kumtukuza mamake aliyekuwa akitimiza miaka 60, lakini majeshi ya Uingereza na Ufaransa yakaiteketeza mwaka 1860. Aliyeongoza ofisi ya jeshi la majini, iliyoundwa mwaka 1885, alikuwa Mwanamfalme Chun, babake Guangxu mwenyewe. Fedha za jeshi zikaanza kuvuja kuelekea bustanini. Wanahistoria hubishana kuhusu kiasi. Kwamba zilivuja, hawabishani. Mwaka 1888 bustani ikapewa jina la Yiheyuan, na mwaka uliofuata Cixi akakabidhi utawala, angalau kwa maneno.

Mahali penyewe ni pa kustaajabisha. Bustani ina ukubwa wa hekta 290 hivi, na robo tatu yake ni maji. Ziwa Kunming lilipanuliwa kwa jembe, na udongo uliochimbwa ukapandishwa kwenye Kilima cha Umri Mrefu. Chini ya kilima hupita ujia wenye paa, urefu wake mita 728, mihimili yake ikiwa imepambwa kwa maelfu ya picha. Upande wa mashariki kuna kumbi za baraza na jumba la tamthilia la orofa tatu. Kusini, daraja la matao 17 huunganisha ufuo na kisiwa. Na kwenye ukingo wa ziwa imo merikebu ya mawe, ambayo Cixi aliitengeneza upya mwaka 1893 na kuiongezea magurudumu ya mawe mithili ya meli za Wazungu. Merikebu hiyo haijapata kwenda popote.

Mwaka 1894 Japani ilipigana na Uchina. Mnamo Septemba manowari za Wachina zilivunjwavunjwa katika Bahari ya Manjano. Sisemi kwamba bustani peke yake ndiyo iliyozizamisha. Uongozi mbovu na silaha duni vilichangia pia. Lakini Cixi alikuwa akitimiza miaka 60 Novemba hiyo, na sherehe zilizopangiwa Yiheyuan zikalazimika kupunguzwa na kuhamishwa. Mwaka uliofuata Uchina iliipoteza Taiwan na kutozwa fidia nzito.

Je, bustani ilimstaafisha? La hasha! Maofisa waliendelea kumfuata huko na nyaraka zao. Guangxu alipojaribu mageuzi mwaka 1898, Cixi alitoka bustanini, akamnyang'anya madaraka na kumfunga. Kila mahakama ilipohamia Yiheyuan, mfalme alizuiliwa katika ukumbi ulio kando ya ziwa, milango yake ya pembeni ikiwa imezibwa kwa matofali. Makao yaliyojengwa ili mfalme awe huru yakageuka gereza lake, na aliyesaidia kuyalipia ni babake mzazi.

Guangxu alifariki tarehe 14 Novemba 1908. Cixi akamfuata kesho yake. Mwaka 2008 watafiti walitangaza kwamba mfalme aliuawa kwa sumu ya aseniki. Ukoo wa Qing uling'olewa mwaka 1912, na tangu 1924 Yiheyuan ni bustani ya umma.

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wengi humlaumu Cixi peke yake, nami simtetei. Lakini waliochota fedha za ulinzi ili kumridhisha walikuwa wanaume wenye vyeo, na kila mmoja alijua zilitengewa nini. Kinachomwondoa mtawala ni sheria inayomfunga yeye pamoja na wanaomzunguka. Zawadi humwongezea tu mahali pa kutawalia.